Wapangaji wawili wa Kariakoo

Mhariri, salaam.

Mi ni msomaji wa ule ukurasa wenu wa kila wiki wa timu za Dar, gazeti nalifunguaga kuanzia nyuma, habari za bunge baadaye sana. Ukurasa ni mzuri na waandishi wenu wanajitahidi, ila kuna kitu kinanikera nikaona bora niseme. Kila wiki ni usajili, kocha gani anaondoka, nani kamposti nani Instagram, sijui fowadi kaonekana airport, lakini swali la hizi timu zetu mbili kubwa, Simba na Yanga, zinacheza wapi na kwa nini hazina pa kwao hamligusi kabisa, na mi naona nusu ya vurugu tunazoandikaga kuhusu mpira wa mji huu zinatokea hapo hapo.

Hebu tuangalie. Yanga ni ya 1935, Simba ni ya 1936, wote wana majengo yao pale Kariakoo, mmoja Jangwani mmoja Msimbazi, wote wana mamilioni ya watu, lakini uwanja wa kuchezea mechi ya ligi wa kwake mwenyewe hakuna mwenye nao. Yanga wana ule Kaunda pale Jangwani ambao mvua ikinyesha unajua mwenyewe maji ya bonde la Msimbazi yanavyofanya. Sisi Simba (ndio, mi ni Mnyama, msishangae) tuna Bunju, nyasi zipo, mazoezi yanafanyika, lakini majukwaa ya kuingiza watu yako wapi? Halafu Azam waliozaliwa juzi tu miaka ya 2000 wana uwanja wao Chamazi, wana taa zao, mwaka 2014 wakabeba ubingwa wa ligi bila kupoteza mechi hata moja. Sasa nani mkubwa hapo?

Msimu wa 2024/25 ndo uliniacha hoi. Yanga walikuwa wanatumia Chamazi kama nyumbani, yaani wamepanga kwa Azam, halafu Novemba 2 mwenye nyumba mwenyewe akaja kama mgeni akampiga mpangaji moja bila humohumo ndani. Siku tano baadaye Tabora United nao wakaja wakapiga tatu moja. Basi Yanga, Wananchi wenyewe, wakafungasha virago wakahamia KMC Complex kule Mwenge, ambako na sisi tulikuwa tumeshapanga. Kwa hiyo watani wa jadi wote wawili, timu zinazosimamisha nchi nzima zikikutana, wamebanana kwenye uwanja wa manispaa ya Kinondoni na timu ya KMC yenye uwanja nayo ipo humohumo. Nilicheka kwa Yanga kupigwa, sikatai, lakini nilipofika Mwenge nikaona tumesimama foleni ileile nikanyamaza.

Na msinielewe vibaya, Mwenge mi napapenda kuliko hata kwa Mkapa, ule uwanja mkubwa wa serikali. Daladala zinatoka kila kona ya mji, unashuka unatembea kidogo umefika, na ukikaa pale unamsikia kocha anavyomfokea beki wake. Chamazi nako kwa sisi wa Mbagala ni karibu, unashika gari Rangi Tatu, ila mtu wa Tegeta mechi ya usiku akitoka kule anafika kwake saa ngapi? Hiyo hamuandikagi. Mnaandika uwanja haukujaa, mashabiki wamesusa, kumbe mtu kapiga hesabu ya nauli na usingizi akaamua kwenda kuangalia kwenye TV kibanda umiza.

Sasa ile Machi 8, 2025. Hiyo dabi ya Yanga na Simba pale kwa Mkapa, Yanga wakiwa wenyeji, mliandika kurasa na kurasa, nani mkaidi, nani kavunja kanuni, pointi apewe nani. Sawa. Lakini ugomvi wenyewe ulianzia wapi? Kwenye geti! Kanuni inampa mgeni haki ya mazoezi ya mwisho kwenye uwanja wa mechi, Simba wakaenda usiku wa tarehe 7 wakasema wamezuiwa kuingia, wakatangaza hawachezi, Bodi ya Ligi ikaahirisha siku ileile ya mechi huku watu wameshatoka mikoani na mabasi wako mjini na jezi zao, Yanga wao wakapeleka timu uwanjani kama kawaida. Mechi ikaja kuchezwa Juni 25, tukafungwa mbili bila na ubingwa ukaenda kwao, haya. Ila kinachonichekesha mpaka leo ni kwamba watu waligombania geti la uwanja wa serikali. Hakuna mwenye hati pale, si Jangwani si Msimbazi. Wangekuwa na kwao wote wawili nani angemfungia nani mlango, na akifunga si inajulikana moja kwa moja ni yeye?

Halafu huo uwanja wenyewe wa Mkapa. Umefunguliwa 2007, watu 60,000, tunajivunia nao na ni haki yetu. Lakini unabeba timu ya taifa, mechi za klabu za CAF (shirikisho la mpira Afrika), dabi, na shughuli nyingine zisizo za mpira, nyasi zitapumzika lini? Machi hiyohiyo CAF waliufungia kwa muda sababu ya eneo la kuchezea, ukafunguliwa tukacheza na Al Masry wa Misri robo fainali ya Kombe la Shirikisho tukawatoa kwa penati, mambo mazuri, halafu ikaja nusu fainali na Stellenbosch tukapelekwa Amaan, Zanzibar, na fainali na Berkane pia Amaan. Fikiria, 2023 Yanga walipofika fainali ya Shirikisho na USM Alger mechi ya kwanza ilipigwa kwa Mkapa, uwanja umejaa, walifungwa mbili moja lakini Dar iliiona fainali yake. Sisi miaka miwili baadaye fainali yetu tumeifuata kwa boti. Ndugu zetu wa Zanzibar walitupokea vizuri mno, sina neno nao, Mutale wetu alipofunga lile bao Amaan ilitetemeka, tukaishia moja moja na kombe likaenda Morocco kwa lile la mbili bila la kule kwao. Ila tulikuwa tunaimba kwa Mkapa hatoki mtu, ikawa kwa Mkapa haingii mtu, wa kwanza kutoingia sisi wenyewe.

Mtu ataniambia uwanja ni pesa nyingi. Ni kweli. Lakini kila dirisha la usajili tunasikia mabilioni, na msimu wa 2025/26 timu tatu za mji huu mmoja, Simba, Yanga na Azam, zimeingia makundi ya CAF kwa pamoja, hao si watoto wadogo tena. Sisemi wajenge wa watu elfu sitini, wa elfu kumi hivi kama Chamazi unatosha kwa mechi nyingi za ligi, Mkapa tuiachie dabi na mechi za timu za Waarabu. Angalia JKT Tanzania, ule uwanja wao wa Isamuhyo kule Mbweni ni mdogo, lakini Februari 2025 Yanga walienda pale na mafowadi wao wote wakatoka bila bila. Kwako ni kwako bwana. Na JKT Queens, ambao wameshabeba ubingwa wa ligi ya wanawake na wameshaenda mpaka klabu bingwa Afrika, wanachezea hapohapo, nenda siku moja uone mpira ule, halafu uniambie kwa nini kwenye ukurasa wenu wanapata mistari miwili chini ya tangazo la mikopo. Kikapu ndo hata hiyo miwili hakipati, pale Donbosco Upanga ligi ya mkoa inapigwa watu wanajaa wanapiga kelele na ninyi kimya.

Ombi langu basi, kila wiki mtenge hata robo ya ukurasa mtuambie mechi iko uwanja gani, inaisha saa ngapi na mtu wa mbali anarudije, na kila mkikaa na kiongozi wa Simba au Yanga kwenye mahojiano swali la kwanza liwe uwanja umefikia wapi, akijibu tupo kwenye mchakato mumuulize tena wiki inayofuata, na tena inayofuata. Mkimaliza hapo rudini kwenye usajili, najua bila usajili gazeti haliuziki na hata mimi naanzia hukohuko.

Mnyama wa Kizuiani,
Mbagala, Dar es Salaam