Mbwa Akimrukia Mgeni, Mfundishe Mgeni Pia

Wateja wengi hutupigia simu sisi wakufunzi wa mbwa wakiwa na aibu. Mgeni kaja, mbwa kamrukia kifuani, nguo zimechafuka, pengine na mtoto kaangushwa. Mbwa huyu ni mkorofi? Mara nyingi hapana. Watoto wa mbwa huwasalimu wakubwa wao kwa kuwalamba mdomoni, na mdomo wa binadamu uko juu. Basi anaruka aufikie.

Tunaoidumisha tabia hiyo ni sisi binadamu. Akiruka tunamtazama, tunamsemesha, tunamsukuma kwa mikono, na kwa mbwa mwenye furaha yote hayo ni malipo, hata ukimfokea "shuka!" Kumpiga goti kifuani, kama wengine wanavyoshauriwa, hatukubali kabisa. Kunaumiza, tena kunamfundisha kuwa mgeni akija maumivu yanakuja. Mbwa anayeogopa wageni ni tatizo zito kuliko anayewarukia.

Katika mafunzo yetu, huanza bila mgeni. Mtu wa nyumbani anatoka, anabisha hodi, anaingia. Mbwa yuko kwenye kamba iliyolegea. Miguu yote minne ikiwa chini, mwekee kitafunwa sakafuni, ili pua na macho yaelekee huko. Akiruka, aliyeingia anageuka na kutoka kimya. Dakika 5 zinatosha kwa zoezi moja. Akishazoea, aje mgeni wa kweli, asimame mbali kwanza, pale ambapo mbwa bado anakusikiliza. Akikataa kitafunwa anachokipenda, mmesogea mno, rudini nyuma.

Siku za mwanzo huenda akaruka zaidi, maana njia aliyoizoea imeacha kumpa kitu, naye anaijaribu kwa nguvu zote. Wengi hukata tamaa hapo. Tafadhali vumilia.

Lakini anayetupa kazi kuliko mbwa ni mgeni. "Mwache tu, mimi napenda mbwa," anasema, huku amemkumbatia mbwa aliyesimama kwa miguu miwili. Maneno hayo yameshaturudisha nyuma mara nyingi. Tabia inayolipwa mara mojamoja ni sugu kuliko inayolipwa kila mara, kwani mbwa hujifunza kuendelea kubahatisha. Kwa hiyo mweleze mgeni kabla hujafungua mlango: asimtazame wala kumgusa mpaka atulie, kisha amkune kifuani au ubavuni, asimwinamie na kumpapasa kichwani. Mgeni asiyeweza hayo, mpeleke mbwa chumba kingine. Hujashindwa, umeilinda kazi yako.

Angalia pia kama ni furaha kweli. Mkia uliofichwa katikati ya miguu, masikio yaliyolazwa nyuma, kujilamba midomo bila chakula: hiyo ni hofu. Huyo usimkutanishe na wageni kwa mazoezi haya. Tuambie kwanza, tumwone.

Kikao cha kwanza tunakifanya nyumbani kwako, mlangoni penyewe, na tunaomba kila anayeishi na mbwa huyo awepo.