Wito wa Harambee: Vijana Wetu Waende Nicodemus

Wapendwa katika Bwana,

Tunaomba mchango wenu ili vijana wa ushirika wetu wa Kiswahili hapa Kansas City wasafiri mwisho wa Julai kwenda mji mdogo wa Nicodemus, kaskazini-magharibi mwa jimbo hili la Kansas, mwendo wa saa tano hivi kwa basi. Ni wakati ambapo wajukuu na vitukuu wa waanzilishi wa mji huo hurudi nyumbani kusherehekea.

Mji huo ulianzishwa mwaka 1877 kwa ajili ya watu weusi waliotoka Kentucky, wengi wao wakiwa wamezaliwa utumwani. Waliahidiwa neema, walichokuta ni nyika ya majani isiyo na miti ya kujengea, wakachimba mashimo na kuishi humo. Willianna Hickman, aliyefika mwaka 1878, alimwuliza mumewe Nicodemus iko wapi, naye akamwonyesha moshi uliokuwa ukifuka kutoka ardhini. Mama yule akaanza kulia. (Akina mama wetu waliokabidhiwa turubai katika kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, mwaka 1996 wanaelewa kilio hicho.)

Hata hivyo, katika miaka kumi tu palikuwa na nyumba za mawe ya chokaa, makanisa, shule, hoteli na magazeti mawili. Kilichouangusha mji ni reli. Mwaka 1887 wakazi walipiga kura kuidhinisha dola 16,000 ili kampuni ya Missouri Pacific ipitishe njia yake kwao, lakini haikuja. Mwaka uliofuata Union Pacific ikapita ng'ambo ya Mto Solomon, na wenye maduka wakaifuata huko, palipokuja kuitwa Bogue. Posta ilifungwa mwaka 1953, na sensa ya 2020 ilihesabu wakazi 14. Majengo matano ya zamani yamebaki, nayo yanatambuliwa na serikali kuu kama eneo la kihistoria.

Tunaiomba kila familia dola 30, kwa ajili ya basi, chakula na malazi ya usiku mmoja. Kitakachosalia kitawekwa katika kapu la sadaka la kanisa la huko. Harambee itafanyika Jumapili ya kwanza ya Juni baada ya ibada, na akina mama watauza sambusa na maandazi. Bahasha ziko kwa mhazini. Asiye na fedha lakini ana sufuria kubwa au leseni ya kuendesha basi, tafadhali ajiandikishe kwake pia.