Saa moja, lakini ya mtoto yupi?

Mhariri,

Kila mjadala kuhusu watoto na skrini huishia kwenye swali lilelile: watazame saa ngapi kwa siku? Mimi nina watatu, wa miaka 3, 9 na 14, na kwa muda mrefu jibu langu lilikuwa moja kwa wote. Saa moja, kisha kifaa kinarudi kabatini. Nilijiona mzazi hodari, kumbe nilikuwa nikimlazimisha kijana avae nguo za mtoto mchanga.

Kwa kitinda mimba, kuhesabu saa kuna maana. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019 unasema asiyetimiza miaka 2 asikalishwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku. Umri huo mtoto anahitaji kukimbia, kulala na kusemeshwa, na neno hulishika upesi zaidi kwa mtu aliye mbele yake kuliko kwa video. Wangu hurudia katuni ileile mpaka nyumba nzima tumeikariri. Sina neno, anafurahia kujua kinachofuata.

Anayenisumbua ni wa katikati, na huyu ndiye tunayemsahau. Katuni amezitupa, anasema ni za watoto. Sasa anatazama watu wakicheza gemu na kufungua maboksi ya vitu vipya. Siku moja nilimuuliza, “Huyu analipwa na nani?” Akanishangaa. “Halipwi, mama. Anaipenda tu.” Watoto wadogo, hasa chini ya miaka 8, aghalabu hawatambui kwamba tangazo limetengenezwa ili kuwashawishi. Sweden ilipiga marufuku matangazo ya televisheni yanayowalenga walio chini ya miaka 12 tangu 1991. Lakini tangazo la televisheni angalau lilikuwa na mwanzo na mwisho. Huyu muuzaji wa leo mwanangu anamhesabu rafiki, na saa yangu moja ilimtosha kabisa kuuza.

Hata hofu zao hazifanani. Mdogo hukimbia sura ya kutisha, hata kama mwenye sura hiyo ni mpole kwenye hadithi. Wa miaka 9 huicheka sura hiyo, ila taarifa ya habari kuhusu mafuriko ilimkosesha usingizi siku mbili. Nami nilikuwa nimeiacha redio wazi nikidhani habari si “skrini”.

Kifungua mimba hatazami tena, anazungumza. Nikimnyang'anya simu saa yake ikiisha, namkata katikati ya maongezi na wenzake, na hasira yake siku hizi naielewa. Wazazi wengi huuchukulia umri wa miaka 13 uliowekwa na mitandao ya kijamii kama cheti cha ukomavu. Chanzo chake ni sheria ya Marekani ya mwaka 1998, inayozuia kukusanya taarifa za mtoto aliye chini ya umri huo bila idhini ya mzazi. Ni sheria ya faragha; haikupima akili ya mtu. Australia imeweka miaka 16 tangu Desemba 2025, na huko nako wapo wanaotafuta pa kupenyea. Sina haki ya kuwacheka: wangu alijiunga akiwa na miaka 11, na mwaka wa uongo wa kuzaliwa niliujaza mimi, kwa sababu alikuwa amelia jioni nzima.

Kwa hiyo nimeivunja ile kanuni moja. Mdogo bado namhesabia saa. Wa katikati naketi naye, tunatafuta pamoja nani anauza nini, na ameanza kunishinda katika kubaini. Na kijana wangu tumekubaliana: usiku simu yake inalala sebuleni. Aliongeza sharti moja, kwamba na yangu ilale hukohuko.

Mama wa watoto watatu