Barua kwa Baba Mdogo kuhusu nyumba ya Bibi

Hamburg, Januari 2026

Baba Mdogo mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta wewe, Mama Mdogo na wadogo zangu wote mkiwa wazima wa afya. Mimi sijambo, namshukuru Mungu. Baridi ya huku ni kali na kazi ni nyingi, lakini hayo tumekwisha kuyazoea. Nimeona niandike badala ya kupiga simu, kwa sababu jambo lenyewe ni la nyumba ya Bibi pale Kariakoo, na kila tukilizungumza kwenye simu mtu mmoja hupandisha sauti, mwingine hunyamaza, tukaagana bila kuelewana.

Nimeusoma mkataba wa ubia ambao Shangazi alinitumia, nikausoma tena usiku wa pili. Nyumba inavunjwa, mwekezaji anajenga ghorofa kumi kwa fedha zake, sisi tunapewa fremu mbili za chini na vyumba vinne vya juu, naye anakusanya kodi ya sehemu yote iliyobaki kwa miaka 25 kabla jengo halijarudi mikononi mwa familia. Ninajua kwamba wewe ndiye unayelipa kodi ya ardhi, ndiye unayepanda juu ya paa kila masika kuziba bati, na kwamba ni rahisi kwangu niliye mbali kusema nyumba ibaki. Kwa hiyo sikuandikii kukukataza. Ninakuomba usitie saini kabla hatujakaa kama familia, na ningependa ujue kwa nini.

Kwanza ni usalama, na hapa sitasema mengi. Mwaka 2013 ghorofa la Mtaa wa Indira Gandhi lilianguka likaua watu 36, na Novemba 2024 jingine likaanguka hapo kwetu Kariakoo, wakafa zaidi ya watu 20, wengi wao wafanyabiashara waliokuwa wamefungua maduka asubuhi kama kawaida. Katika mkataba niliousoma hakuna ukurasa hata mmoja unaomtaja mhandisi, wala upimaji wa udongo, wala nani atawajibika kwa nyumba za majirani msingi utakapochimbwa. Hilo peke yake linatosha kuturudisha mezani.

La pili ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wewe unayajua haya kuliko mimi, lakini nayaandika ili wadogo zangu wayasome. Wajerumani ndio waliopima viwanja vile kwa mistari iliyonyooka, juu ya ardhi iliyokuwa shamba la mzungu aliyeitwa Schoeller, ili Waafrika wakae mbali na Kivukoni. Waingereza walipouteka mji mwaka 1916 waliweka pale kambi ya wapagazi wao, na jina la kikosi hicho, Carrier Corps, ndilo ambalo midomo ya watu wetu ililigeuza kuwa Kariakoo. Kila anayesema anakwenda Kariakoo kununua kitambaa anataja, bila kujua, wanaume waliobeba mizigo ya vita visivyokuwa vyao na wakafa kwa maelfu kwa njaa, kuhara na homa. Bibi alikuwa akisema kwamba baba yake alirudi kutoka huko akiwa na bega moja lililoshuka, na kwamba kiwanja chetu alikipata yeye.

Hapa Hamburg nimekutana na nusu nyingine ya hadithi hiyo. Kabla ya sanamu ya Askari tunayoijua pale Samora, mji wetu ulikuwa na sanamu ya Hermann von Wissmann, gavana wa Kijerumani, ambaye chini yake alisimamishwa askari Mwafrika akimtazama bwana wake kwa unyenyekevu. Waingereza waliing'oa, baadaye ikaletwa huku, na mwaka 1922 ikawekwa mbele ya chuo kikuu. Ilisimama pale mpaka wanafunzi walipoivuta kwa kamba mwaka 1967. Ikarudishwa, wakaiangusha tena mwaka 1968, na haikurudishwa tena. Jambo lililonigusa ni kwamba hawakuiyeyusha. Wameihifadhi, na watu wazima wanaendelea kubishana hadharani juu ya namna ya kuionyesha bila kumtukuza mtu yule. Sisi kwetu tuna sanamu ya mwaka 1927, yenye maandishi yanayowataja wapagazi kuwa miguu na mikono ya jeshi, lakini haina jina la mpagazi hata mmoja. Babu yetu mzaa Bibi hayupo pale. Mahali pekee alipoacha alama ni kwenye kiwanja kile.

Utaniambia kwamba serikali ina sheria ya kulinda mambo ya kale, na ni kweli, tunayo Sheria ya Mambo ya Kale tangu mwaka 1964. Lakini tazama ni nini kilichopona. Boma la Kale la enzi za Sultani Majid limekarabatiwa vizuri, na ndani yake kuna kituo cha urithi wa usanifu majengo wa jiji. Makanisa ya Azania Front na Mtakatifu Yosefu yanasimama kwa sababu waumini wenyewe wanayatunza. Hata majengo ya mawe ya mjini hayakupona yote: Salamander ya Samora imekwenda, na New Africa ya zamani, iliyoanza kama Kaiserhof, ilibomolewa ikajengwa hoteli nyingine kwa jina lile lile. Nyumba zetu za Kiswahili, za miti, udongo na chokaa, zenye vyumba sita, ukumbi katikati na ua nyuma, hazikuhesabiwa kuwa usanifu tangu mwanzo. Nyumba ya Mwalimu kule Magomeni imehifadhiwa, nami nafurahi. Lakini Mwalimu alipoacha ualimu wa Pugu mwaka 1955 alipokewa Kariakoo na kina Abdulwahid Sykes na wenzao, na TANU ilizaliwa Julai 7, 1954 umbali wa kutembea kwa miguu kutoka kwetu. Chama kile kilikua barazani. Watu walikaa jioni, wakacheza bao, wakanong'ona, wakachanga senti.

Ndiyo maana siwezi kulitenganisha suala la nyumba na mambo ya nchi, ingawa najua hupendi tuyaandike. Nani atakayetusikiliza tukisema mtaa wetu usimalizwe wote? Mwaka 2021 Halmashauri ya Jiji iliyokuwa ikiunganisha manispaa zote ilivunjwa, Ilala ikapandishwa kuwa jiji, na tangu hapo sioni ni baraza gani la madiwani linaloutazama mji mzima kama kitu kimoja. Katika uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 chama tawala kilipata takriban asilimia 99 ya nafasi, baada ya wagombea wengi wa upinzani kuenguliwa. Simsemi vibaya mwenyekiti wetu wa mtaa, ni mtu mwema na alituzikia Bibi. Ila mtu ambaye hakuhitaji kura yako hana haja kubwa ya kuja kuuliza unataka mtaa wako uwe wa namna gani, na dalali mwenye ramani mkononi anamfikia kabla yako.

Kisha ikaja Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi mkuu na maandamano. Sijakueleza vizuri siku zile zilivyokuwa kwangu. Intaneti ilipozimwa nilikuwa nimemtumia Mama Mdogo ujumbe wa WhatsApp nikimuuliza kama mmefika nyumbani, na ile tiki moja ya kijivu niliitazama kwa siku tano. Nilikuwa naamka saa nane usiku kuiangalia. Niliposikia kwamba polisi wametangaza amri ya kutotoka nje kuanzia saa kumi na mbili jioni, sikujua ni nani kati yenu alikuwa njiani. Baadaye ukanisimulia kwamba mlikuwa watu kumi na tisa kwenye ukumbi wa Bibi, sita kati yao wapita njia ambao hamkuwajua, na kwamba uliwafungulia kwa sababu walikuwa wameketi barazani na hawakuwa na pa kwenda. Baba Mdogo, fikiria kama pale mbele pangekuwa na shata za fremu zilizoshushwa na kufungwa kwa makufuli.

Tume ya Uchaguzi ilimtangaza Rais Samia mshindi kwa asilimia 97.66, wakati CHADEMA haikuruhusiwa kushiriki na kiongozi wake, Tundu Lissu, alikuwa rumande kwa kesi ya uhaini. Sherehe za Desemba 9 zikafutwa. Novemba 2025 iliundwa tume ya uchunguzi chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na idadi ya waliokufa ikawa inabishaniwa. Ninachokitaka kwa tume hiyo ni majina. Wataje mtu mmoja mmoja, mtaa wake, umri wake na mahali alipozikwa. Wapagazi wa 1916 walihesabiwa kama mizigo, na mpaka leo wajukuu zao tunatafuta walipolala. Sitaki kijana wa Kimara au Ubungo wa mwaka 2025 aingie katika hesabu ya namna ile.

Haya ndiyo ninayoyaomba. Mwambie mwekezaji kwamba familia inahitaji miezi sita. Nitatuma fedha za kubadilisha bati lote na kupaka chokaa, si mkopo bali zawadi, ili mzigo wa masika ijayo usiwe wako peke yako. Kama baada ya kikao bado mtaona ni lazima tujenge, basi tujenge sisi ghorofa chache kwa nyuma, upande wa ua, na ile sehemu ya mbele ibaki. Na vyovyote itakavyokuwa, mtume Halima mwenye simu nzuri apige picha za kila chumba, boriti za mikoko darini, na mlango mkubwa pande zote mbili, kisha apime kwa futi urefu na upana wa ukumbi aandike kwenye daftari.

Jambo moja la mwisho namwomba yeye huyo Halima. Upande wa kushoto wa baraza kuna lile bao lililochimbwa kwenye saruji, vishimo 32, ambamo Babu alikuwa akimfunga kila mtu. Viwili vya mraba, vile viitwavyo nyumba, kingo zake zimelika kwa vidole. Aweke karatasi kubwa juu yake, apitishe penseli taratibu mpaka vishimo vyote vitokee, aikunje anitumie kwa mtu atakayesafiri mwezi wa tatu.

Nisalimie wote, na Shangazi umwambie nimeupokea mkataba.

Mwanao