Risala ya Vijana Wakulima wa Vitunguu kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kufungua Banda la Kuhifadhia Mazao

Ndugu Mgeni Rasmi, Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya;
Mheshimiwa Diwani wa kata yetu;
Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Mtendaji wa Kijiji;
Bibi Shamba wetu;
Wazee, wazazi, na vijana wenzetu mlioacha vibarua vya leo mkaja hapa;

Assalaam aleikum, Tumsifu Yesu Kristo, na shikamoo kwa wote wanaostahili.

Ndugu Mgeni Rasmi, tunakushukuru kwa kuja. Tumeona gari lako limebaki ng'ambo na wewe umevuka daraja la mbao kwa miguu, ukishikilia kamba kama sisi tunavyoishikilia tukiwa na gunia kichwani. Hilo daraja tulikuwa tuliombee kwenye risala hii, lakini kwa kuwa umelipita mwenyewe, tumelifuta ili tupate nafasi ya kusema jingine.

Kikundi chetu kilianza mwaka 2019 kikiwa na watu saba. Leo tuko 24, wanawake tisa na wanaume kumi na watano. Wawili walikuwa bodaboda, mmoja alikuwa kondakta wa basi la mkoani, wanne wamemaliza kidato cha sita wakakaa nyumbani, na mmoja tu ndiye mwenye cheti cha kilimo. Waliobaki ni watoto wa wakulima ambao wazazi wao waliwaambia wasome ili wasije wakashika jembe. Tunawaomba radhi wazazi hao, wamekaa pale chini ya mwembe.

Banda unalokuja kulifungua lina urefu wa mita 12 na upana wa mita 5. Kuta ni za mianzi iliyoachiwa nafasi ili upepo upite, ndani kuna chanja za ngazi tatu, na sakafu imeinuliwa isiguswe na maji ya mvua. Limegharimu shilingi 6,850,000. Kati ya hizo, shilingi 4,000,000 ni mkopo wa vijana usio na riba, na zilizobaki ni michango yetu. Matofali ya msingi tumefyatua na kuchoma wenyewe.

Kuna watu walituuliza kwa nini banda na si pampu mpya. Sababu ni kwamba bonde lote huvuna kwa pamoja. Malori ya kutoka Dar es Salaam yakija, dalali anatembea shamba kwa shamba, na macho yake hayatazami vitunguu, yanatazama kama una pa kuviweka. Akishajua huna, hana haja ya kupandisha bei. Anakaa kivulini anakunywa soda, anasubiri jua lifanye kazi yake. Mwaka juzi tuliuza kwa bei ambayo haikurudisha hata fedha ya mbegu na mafuta ya pampu. Sasa tutavikausha, tutavikata majani, tutavipanga kwenye chanja, na safari hii dalali ndiye atakayesubiri.

Ndugu Mgeni Rasmi, hatutaki kusema kwamba serikali imetusahau, kwa sababu si kweli. Bajeti ya Wizara ya Kilimo ilikuwa shilingi bilioni 294 mwaka 2021/22, na mwaka 2024/25 ikavuka trilioni 1.2. Ruzuku ya mbolea iliyozinduliwa kwenye Nane Nane ya Mbeya mwaka 2022 tuliiona kwa macho: mfuko wa kilo 50 wa Urea uliokuwa umepita shilingi 120,000 ulishuka hadi 70,000. Mwaka 2021 Benki Kuu iliweka masharti nafuu kwa benki zitakazokopesha kilimo kwa riba isiyozidi asilimia 10. Ipo Benki ya Maendeleo ya Kilimo tangu 2015, na mfuko wake wa dhamana kwa wakulima wadogo. Ipo mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ambapo nne ni za wanawake, nne za vijana na mbili za watu wenye ulemavu. Tarehe 20 Machi 2023 Mheshimiwa Rais alizindua Dodoma programu ya vijana katika kilimo ya Jenga Kesho Iliyo Bora, kwa Kiingereza Building a Better Tomorrow, ile ambayo vijana wote tunaiita BBT.

Wenzetu wawili waliomba BBT. Waombaji walikuwa zaidi ya 20,000 na waliochaguliwa awamu ya kwanza ni 812, yaani karibu mmoja katika kila ishirini na watano. Wetu hawakuwamo, na hatulii kwa hilo. Tunachotaka kukisema ni kile tulichojifunza kwa kuitazama programu ile kwa mbali. Serikali ilipotaka vijana walime kule Chinangali, Dodoma, haikuanza na mbegu. Ilianza na ardhi: ikaitafuta, ikaisafisha, ikafikiria maji, ndipo ikamwita kijana. Ilijua kwamba kijana hana shamba.

Na huku kwetu kijana hana shamba vilevile.

Ekari zote 11 tunazolima ni za kukodi, na tunazikodi kwa msimu. Eneo la kwanza tulilopata lilikuwa pori. Tuling'oa visiki kwa mikono wiki tatu, tukachimba mfereji kutoka mtoni, tukamwaga samadi ya ng'ombe tuliyoisomba kwa toroli. Msimu wa pili kitunguu kilikubali kweli, mpaka wapita njia wakawa wanasimama kupiga picha. Msimu wa tatu mwenye shamba akatuambia, kwa upole kabisa, kwamba mwanawe amerudi kutoka mjini na anataka kulima. Hatumlaumu, shamba ni lake. Lakini toka siku hiyo hakuna mwanachama anayeweka samadi kwenye shamba la kukodi. Unanyunyiza mbolea ya dukani ya msimu mmoja, unavuna, unaondoka. Bibi Shamba anatugombeza kwamba tunachosha udongo, na anasema kweli. Udongo wa mtu mwingine ni mgumu kuuonea huruma.

Ardhi hiyo hiyo ndiyo inayozifunga zile fursa nyingine nilizozitaja. Tulipokwenda kujiandikisha kwa ruzuku ya mbolea, baadhi yetu tulikuta ekari tunazozilima zimeshaandikwa kwa jina la mwenye shamba. Tulipokwenda benki, afisa mikopo alitupokea vizuri, akatupa na maji ya kunywa, kisha akauliza hati. Umwagiliaji wa matone tuliambiwa unaokoa maji kuliko mfereji, lakini nani atatandaza mipira kwenye shamba ambalo Desemba huenda si lake tena?

Naomba niseme na la dada zetu tisa, maana waliniambia nikiliruka nisirudi kikundini. Kaka anaweza kungoja siku moja baba amkatie kipande. Dada anaambiwa ataolewa, akiolewa anaambiwa shamba ni la ukoo wa mume. Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999 inasema haki ya mwanamke kupata ardhi, kuimiliki na kuitumia ni sawa na ya mwanamume. Wazee wetu mliopo hapa, sheria hiyo ina umri mkubwa kuliko katibu wetu msaidizi, na yeye ni mwanamke, na bado analima kwa kukodi.

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu kubwa ni moja. Tunajua wewe hugawi ardhi ya kijiji. Sheria imeweka jambo hilo mikononi mwa Halmashauri ya Kijiji na Mkutano Mkuu, na viongozi wetu wa kijiji tumeshazungumza nao. Wanakubali kwamba upande wa juu wa mto kuna eneo la kijiji lisilolimwa. Kinachokwama ni kwamba kijiji hakina mpango wa matumizi bora ya ardhi, na bila mpango huo hakuna anayejua kwa uhakika wapi ni malisho, wapi ni hifadhi ya mto na wapi panaweza kutolewa kwa kilimo. Wafugaji nao wana haki yao pale, hatutaki kuwavamia tukazua ugomvi. Tunaomba wataalamu wa ardhi wa wilaya waletwe. Chakula chao na malazi kikundi kitagharamia kwa wiki mbili, tumeshachanga. Mpango ukikamilika, tutapeleka maombi kwenye Mkutano Mkuu kama mwananchi mwingine yeyote, tupewe hatimiliki ya kimila kwa jina la kikundi, au hata mkataba wa miaka kumi. Tukitoroka tukaenda mjini, kijiji kichukue ardhi yake.

La pili ni dogo. Kitunguu hukaa kitaluni wiki sita hivi, kikishahamishwa kinataka miezi mitatu na zaidi hadi kuvunwa. Mkataba wetu wa mkopo ulitutaka tuanze marejesho mwezi wa nne, wakati kitunguu kiko shambani na mfukoni hakuna kitu. Marejesho mawili ya kwanza tuliyalipa kwa fedha za bodaboda na za mama lishe. Tumelipa na tutamaliza, lakini tunaomba mikopo ya wakulima ifuate kalenda ya mazao, kwa sababu kalenda ya duka ni nyingine.

Kuhusu lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, sheria ya vipimo ipo na inakataza gunia kuzidi kilo 100, nasi tumekubaliana kwamba kwenye banda hili hakuna gunia litakalofungwa na kichwa. Mizani tunayo. Tunachoomba ni ukaguzi ufike na huku mashambani, usiishie barabarani ambako mzigo umeshanunuliwa na mkulima ameshapunjwa.

Kabla hujakata utepe, kikundi kimekuandalia gunia moja la vitunguu vyekundu. Limepimwa mbele ya Diwani: kilo 98. Vijana wanne watalivusha daraja mpaka kwenye gari lako, wewe pita mbele yao taratibu, ubao wa tatu kutoka upande huu umelegea.

Tunaomba kuwasilisha.

Katibu, kwa niaba ya wanachama 24