Neno moja la mkataba laweza kukikosesha chuo haki za uvumbuzi

Mhariri,

Wengi hudhani uvumbuzi wa maabara ya chuo kikuu ni mali ya chuo moja kwa moja. Sivyo. Nchini Marekani, sheria ya Bayh-Dole ya mwaka 1980 huruhusu vyuo kubaki na hataza (haki ya kisheria ya kuwazuia wengine kuutumia uvumbuzi bila ruhusa) za uvumbuzi uliogharimiwa na serikali kuu. Hata hivyo, mwaka 2011, katika kesi ya Chuo Kikuu cha Stanford dhidi ya kampuni ya dawa ya Roche, Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria hiyo haimpokonyi mvumbuzi haki yake ya awali. Mtafiti wa Stanford alikuwa ameuandikia uongozi wa chuo kwamba "anakubali kuhamisha" haki. Baadaye akatia saini fomu ya kampuni ya Cetus, alikokwenda kujifunza, isemayo "anahamisha sasa". Ahadi ikashindwa na tendo, na Roche, iliyonunua biashara ya Cetus iliyohusika na uvumbuzi huo, ikapata haki ndani ya hataza.

Tunavisihi vyuo visome kila karatasi kabla mtafiti hajaingia maabara ya nje, hata fomu ya mgeni. Mfadhili apewe tarehe ya mwisho ya kuomba leseni ya kipekee (ruhusa ya yeye tu kuutumia uvumbuzi), na leseni hiyo irudi chuoni asipoitumia. Maombi ya hataza yatangulie makala. Ulaya, uvumbuzi uliokwisha kuchapishwa kwa kawaida haupewi hataza.