Mwanangu, utumie ugeni wako

Mwanangu,

Barua hii nimeichomeka katikati ya mashuka ili uikute ukitandika kitanda chako cha kwanza huko chuoni. Nilitaka kukuambia haya kwa mdomo. Nilijaribu mara mbili, na mara zote mbili ukaitikia "sawa, baba" huku macho yako yako kwenye simu. Nikaona heri niandike.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii husemwa kumteta mgeni asiyetaka kuaga. Mimi naigeuza: zile siku mbili ni zako, zitumie zote. Wiki za mwanzo hakuna atakayekushangaa ukiuliza maktaba iko upande gani, usajili wa masomo unafungwa lini, au krediti ni mdudu gani. Ukija kuuliza hayohayo mwezi wa tatu, utaona haya, utanyamaza, na kunyamaza ndiko kunakomgharimu mwanafunzi.

Hujawahi kunisikia nikisimulia nilivyopata chumba changu cha kwanza mjini. Ni kwa sababu sikukipata. Dalali alinipeleka hadi mlangoni, akasema ufunguo ameusahau, nikachungulia dirishani, nikalipa. Siku ya kuhamia niliwakuta vijana watatu wamesimama mlangoni, kila mmoja na begi lake na risiti yenye mwandiko uleule. Jirani alikuwa anafua hapo nje. Alituambia, bila hata kuacha kusuuza, kwamba chumba kile kina mwenyewe na hajasikia kuwa anahama. Swali moja tu kwa mama yule siku ya kwanza lingeniokoa. Sikuuliza kwa sababu nilitaka nionekane mtu wa mjini.

Mwaka huu una kitanda bwenini, lakini mwakani huenda ukapanga. Usilipie chumba ambacho hujaingia ndani. Mtafute mwenye nyumba mwenyewe, au mtu mwenye maandishi ya kumwakilisha. Piga hodi kwa wapangaji, uliza kama maji hutoka kila siku na kama mwenye nyumba hurudisha amana mtu akihama. Mkataba usome mpaka mwisho, hasa pale panaposema notisi ya kuhama ni ya muda gani. Siku unapokabidhiwa ufunguo, piga picha kila ufa, kila bomba linalovuja na namba zilizo kwenye mita, kisha mtumie mwenye nyumba. Picha hizo ndizo zitakazokutetea siku ya kudai amana yako. Na popote utakapolala, usiingize jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa, hata kukiwa na baridi ya namna gani. Gesi ya kaboni monoksaidi haina harufu wala rangi, na humuua mtu akiwa usingizini.

Pesa sasa, na hapa mama yako ndiye mwalimu, mimi ni karani tu. Zitoe kwanza zile ambazo si zako: kodi, ada, nauli ya kurudi nyumbani. Zinazobaki usizigawe kwa miezi, zigawe kwa wiki, na uhesabu pia wiki za mitihani. Wengi huzisahau hizo, ndiyo maana njaa huwapiga wanafunzi wakati wanapohitaji akili zaidi. Weka zote kwenye akaunti usiyoigusa, kisha kila Jumatatu ujihamishie fungu la wiki moja. Fungu likiisha Alhamisi, utajua Alhamisi hiyohiyo kwamba kuna kitu hakiendi sawa. Kwa mwezi ungekuja kujua umechelewa.

Kuhusu usafiri nina neno moja. Usijaribishe njia siku ya Jumapili. Ijaribu siku ya kazi, saa ileile ya kipindi chako, maana barabara ya Jumapili na ya Jumatatu ni barabara mbili tofauti.

Simu yako bonyeza *#06#. Itatokea namba ya tarakimu 15, ndiyo IMEI, namba inayoitambulisha simu yenyewe. Iandike kwenye karatasi na uiweke mbali na simu yenyewe, kwa sababu simu ikiibwa ndiyo utakayoulizwa ukitaka ifungiwe. Vyeti vyako viwe na nakala sehemu mbili. Namba ya siri na zile tarakimu zinazoingia kwa ujumbe usimpe mtu, hata akijitambulisha kuwa ni wa benki. Na ukipata ujumbe wangu unaosema nimekwama, nitumie pesa haraka, nipigie. Siku hizi hata sauti huigizwa na kompyuta, kwa hiyo uniulize yule paka wetu wa zamani tulimwitaje. Nikishindwa kujibu, kata simu.

Masomo nimeyaacha nyuma, si kwa kuyadharau. Shuleni mwalimu alikufuata. Chuoni hakuna atakayekufuata. Unaweza kutega vipindi mwezi mzima na mtu asikuulize, mpaka matokeo yatoke. Ratiba pia hudanganya. Vipindi vinaonekana vichache, kijana akadhani ana nafasi. Katika ECTS, mfumo unaotumika Ulaya kupima uzito wa masomo kwa krediti, krediti moja huhesabiwa kuwa kazi ya saa 25 hadi 30, na mwaka mzima ni krediti 60. Piga hesabu uone saa ngapi hazimo kwenye ratiba. Hizo ndizo za kusoma mwenyewe.

Na kusoma si kurudiarudia maandishi. Mwaka 2006 Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio lao: wanafunzi waliosoma kifungu tena na tena walikumbuka zaidi baada ya dakika 5, lakini baada ya wiki moja waliowashinda ni wale waliofunika karatasi na kujijaribu kukumbuka. Mimi nilisoma miaka yote nikiwa kundi la kwanza. Nilikuwa najihisi najua, hadi nilipofunguliwa karatasi ya mtihani. Kwa hiyo baada ya kipindi funga daftari, andika unachokikumbuka, kisha fungua uone ulichoacha. Na kila mhadhiri ana saa zake za kuonana na wanafunzi ofisini. Wengi huzikumbuka wiki ya mwisho, wakakuta foleni mlangoni. Nenda mapema, nenda na swali moja uliloliandika.

Utajisikia mpweke. Mimi upweke ulinishika karibu wiki ya tatu, shamrashamra za kupokelewa zilipokwisha na kila mtu akaonekana ana kundi lake. Nilikuja kugundua baadaye kwamba wale niliowaona wana makundi nao walikuwa wanatafuta pa kukaa. Jiunge na chama kimoja, kimoja tu, kile utakachokwenda hata siku ya mvua. Ukiona usingizi umekukimbia kwa majuma au kula kumekushinda, nenda kwa mshauri wa wanafunzi. Usingoje mpaka uone una tatizo "kubwa". Mimi pia unaweza kunipigia usiku. Nitalalamika kidogo, halafu nitasikiliza.

Jambo la mwisho, kalamu imeanza kukwaruza. Kariri namba mbili za simu kichwani, kwa sababu simu ikipotea namba zote hupotea nayo. Yangu unaijua tangu utoto. Ya mama yako ilibadilika mwezi uliopita, na nina hakika hujaikariri. Nimeiandika nyuma ya karatasi hii. Ikariri kabla hujamaliza kutandika.

Baba yako